Adabu ya Kufuta Ubao

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Kuruthumu binti Mwinyimvua, mwachie ubao mchafu. Mtanie unene wake, atacheka. Mtanie talaka yake, atacheka zaidi, na atakusimulia mwenyewe kwamba mume alimwacha kwa kuchoka kusemeshwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini aingie darasani akute maandishi ya mwalimu aliyetangulia yangali ubaoni, siku hiyo shule nzima itajua. Kuna mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuondoka bila kufuta. Kuruthumu alimtuma mtoto wa miaka saba amfuate nyumbani, na yule bwana akauacha wali wake mezani, akarudi kushika dasta mbele ya watoto waliokuwa wakimcheka.

"Ukimaliza kula unamwachia mwenzio sahani chafu?" alimuuliza. "Basi na ubao ni hivyo hivyo."

Alizaliwa Saadani, mtoto wa mwanika samaki, akahitimu juzuu kabla hajazijua a-e-i-o-u. Kazi aliianzia Kiwangwa, ambako msimu wa mananasi watoto walikuja shule midomo imechubuka. Kisha akahamishiwa shule moja ya msingi upande wa Kerege, jina lake tuliache, kwa kuwa hadithi hii haiipi sifa. Hapo alikaa miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo alishika darasa la kwanza tu. Wakuu wa shule walijaribu kumpandisha la tatu, wakajaribu la tano, akawakatalia kwa maneno ambayo mwalimu mwingine angeandikiwa barua. Alikuwa na gunia la vizibo vya soda, kila kizibo kimeandikwa herufi kwa rangi nyekundu, na kwa vizibo hivyo mtoto aliyeingia Januari hajui kushika kalamu, Oktoba alikuwa anasoma vibao vya maduka njia nzima hadi anawachosha wazazi wake.

Hakuwa malaika, tusidanganyane. Rula yake ilijua vidole vya kila mtu mzima wa mtaa ule, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko rula. Wazazi walimpenda kwa hilo hilo. Aliyempenda kidogo labda ni Najim.

Najim alikuwa mwanafunzi wake zamani, kisha akaenda chuo, akarudi pale pale kuwa mwalimu, kijana wa miaka ishirini na sita, shati limepigwa pasi, na shule ikampa jukumu la vifaa vya kompyuta. Kila asubuhi alimwamkia Kuruthumu kwa unyenyekevu. Na kila mgeni alipoingia ofisi ya walimu, Kuruthumu alimshika Najim mkono akasimulia: "Huyu mnamwona na tai yake? Siku ya kwanza ya shule alijikojolea mpaka kiti kikaelea. Nikamuuliza, mwanangu, hii nini? Akasema, mwalimu, ni mvua! Januari, jua la kupasua kichwa, mabati mapya, yeye mvua!" Ofisi inavunjika mbavu. Najim naye anacheka. Hata alipoleta mchumba wake, Shadya, kuwajulisha walimu wenzake, Shadya naye alisimuliwa kisa cha mvua. Kuruthumu aliuona huo ni upendo, na kwa kweli ulikuwa upendo, ila hakuwahi kumuuliza anayependwa unamwasha wapi.

Sasa, mambo ya kidijitali. Hayakuingia kwa kishindo. Wakubwa walisema yataingizwa taratibu, walimu wasishtuke. Taratibu ni neno zuri, mchwa nao hula nyumba taratibu. Mwaka wa kwanza ilikuja mashine ya kuonyesha picha ukutani, na mwalimu mkuu, Bwana Kombo, akaifunika kitenge asiruhusu mtu kuigusa, ikawa inafunuliwa siku za vikao tu. Mwaka wa pili ikaja spika ya kuimba silabi. Kuruthumu aliisikiliza siku mbili, akaizima, akaimba mwenyewe. Mwaka wa tatu, Februari, mradi mmoja wa kusoma ukaleta vishikwambi vitatu: asubuhi vitumiwe na darasa la kwanza, mchana vihamie darasa la pili kwa Mwalimu Ashatu.

Hapo Bwana Kombo akaita kikao.

"Kila mtoto asome kwenye kishikwambi, sauti yake ibaki humo," alisema. "Mwezi wa tano wenye mradi watakuja kuzikagua. Darasa litakalokutwa halina kitu, mwalimu wake ataliachia. Sitamtazama mtu usoni."

Alisema hatamtazama mtu usoni huku akimtazama Kuruthumu. Walimu wote wakageuka kumtazama. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, amebakiza miwili astaafu, na kitu kimoja tu alichokuwa akimwomba Mungu katika sala zake ni aimalizie miwili hiyo na watoto wa darasa la kwanza. Akiliacha darasa lile, angepewa kazi ambazo hupewa wazee wanaosubiriwa kuondoka, kusimamia uji na kuhesabu madawati mabovu.

Walipelekwa mafunzo ya nusu siku Bagamoyo mjini. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye haraka, anayerusha kidole juu ya kioo kama anayefukuza nzi. Walimu wazee walipoanza kunung'unika, akawaambia: "Jamani, msiogope. Hiki ni ubao wenu mpya, basi. Mlivyokuwa mnafanya kwenye ubao, fanyeni humu." Kuruthumu alilipenda neno hilo. Aliliandika kwenye daftari lake, akalipigia mistari miwili.

Na akajifunza. Hilo ndilo watu hawakulitegemea. Mzoea punda hapandi farasi, walisema ofisini, lakini huyu alimpanda. Wiki ya kwanza kidole kilikosea njia. Wiki ya tatu alikuwa anawapanga watoto mmoja mmoja, anawaonyesha picha, anawabonyezea kipaza sauti, wanasoma, anabonyeza "Hifadhi". Watoto waliona raha kujisikia sauti zao zikirudi. Yeye aliona raha zaidi. Alianza kuwahi shule kuliko mlinzi.

Kulikuwa na mtoto mmoja, Dija, anayelelewa na bibi yake tangu mama yake alipofariki. Tangu Januari hakuwa amefungua mdomo darasani hata kusema "nipo". Watoto walimwita Bubu, na kila aliyemwita hivyo alionja rula ya Kuruthumu, mpaka jina likafa. Siku moja ya Machi, wenzake wakiwa wametoka kwenda mapumziko, Kuruthumu alimwekea kishikwambi juu ya dawati, akambonyezea, akamgeuzia mgongo akajifanya anapanga vizibo. Nyuma yake akasikia sauti nyembamba kama ya kifaranga: "Ma-ma a-na ki-ka-pu. Ki-ka-pu ki-na da-ga-a."

Hakugeuka. Machozi yalimtoka akiwa amekitazama kizibo cha herufi K. Mchana alimwita Ashatu, akamsikilizisha mara tatu.

"Huyu ndiye yule asiyesema?" aliuliza Ashatu.

"Ndiye. Si bubu, mwenzangu. Alikuwa anaogopa macho ya watu tu."

Kisha, kipindi kikiwa kimekwisha, Kuruthumu alifanya alichokifanya kila siku tangu vifaa vilipokuja. Mwenzake anaingia baada yake, na yeye si mtu wa kumwachia mwenzake uchafu. Alipekua mpaka pale penye neno alilolijua maisha yake yote, neno lililoandikwa kwa Kiswahili safi: "Futa". Akabonyeza. Chombo kikamuuliza, "Una hakika unataka kufuta zote za darasa la kwanza?" Hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote, kwamba chombo kina adabu, kinabisha hodi kabla ya kuingia. Akabonyeza "Ndiyo". Kioo kikawa cheupe. Somo la ubaoni likifutwa limeshaingia kwenye madaftari, na haya aliamini yameshaingia huko ndani yanakoingia mambo ya mtandao. Akamkabidhi Ashatu kikiwa kisafi, amekipangusa na upindo wa kanga.

Alifanya hivyo Februari, Machi, Aprili. Kila Ijumaa Najim alivikusanya vishikwambi, akakaa kwenye kona ya ofisi kunakopatikana mtandao, akatuma ya wiki nzima. Kila Ijumaa Kuruthumu alimuuliza, "Zimekwenda, mwanangu?" na Najim akajibu, "Zilizomo zimekwenda, mwalimu."

Wageni walikuja Jumatano ya pili ya Mei, mama mmoja mpole mwenye kompyuta ya mapajani na kijana aliyefuatana naye. Kuruthumu alivaa gauni la Idi. Watoto walikuwa wameoga mpaka masikio. Bwana Kombo akawaingiza wageni darasani, Najim na Ashatu nyuma yao, na yule mama akafungua kompyuta yake juu ya meza ya mwalimu.

"Darasa la pili tumewaona," alisema. "Darasa la kwanza, mama, hapa hakuna kitu."

"Hakuna vipi? Zimo. Nimefanya kila siku ya Mungu."

"Ni sifuri tangu Februari. Hata sauti moja hamna. Huwa unafanyaje, hebu nionyeshe?"

Akamwonyesha. Alionyesha kwa kujiamini, hatua kwa hatua, kama mtu anayesahihishiwa mtihani aliousoma vizuri. Akamsomesha mtoto, akahifadhi, akafika mwisho, na kidole chake kikaenda penyewe kwenye lile neno.

"Hapa nafuta," alisema, "nimwachie mwenzangu pasafi."

Yule kijana mgeni akacheka. Hakukusudia ubaya, kicheko kilimponyoka tu. Lakini mgeni akicheka mwenyeji hanuni, na Bwana Kombo akacheka kwa nguvu zaidi, na watoto arobaini na mmoja, walipoona wakubwa wanacheka, wakacheka nao, bila kujua wanamcheka nani. Yule mama akamweleza kwa upole kwamba kufuta humu ni kutupa, hakirudi kitu. Upole wake ulimuumiza Kuruthumu kuliko vicheko.

"Basi waulizeni wao," alisema. "Wanasoma. Wote wanasoma. Dija! Simama, mama, wasomee wageni."

Dija akasimama. Sura ngeni, kicheko bado kinazunguka darasani, macho yote kwake. Mdomo ukajifunga.

"Soma, mwanangu. Mama ana…"

Dija akatazama sakafu.

"Dija. Mama ana…"

Mtoto akashika ukingo wa dawati. Kuruthumu akamwendea, akamshika bega, na vidole vyake vikabana kuliko alivyotaka, au labda kama alivyotaka. Ulimi hauna mfupa. Aliyoyasema aliyasema mbele ya darasa zima: "Bubu we! Kwenye kioo unasoma, leo umemeza ulimi? Umeniua! Ningejua ningekuacha hivyo hivyo na ububu wako!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mtoto hakulia. Alimtazama tu mwalimu wake, akaketi, akaweka mikono chini ya mapaja, na mwenzake wa dawati akasogea mbali kidogo.

Wageni walipoondoka, Kuruthumu alimkuta Najim kwenye kona yake ofisini, peke yake.

"Kila Ijumaa wewe ndiye unayetuma," alimwambia. "Uliona hamna kitu?"

"Niliona, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili. Siku moja nilipita dirishani nikakuona unavyofuta."

"Ukanyamaza."

"Wewe ndiye uliyetufundisha, mwalimu. Mtoto hamkosoi mkubwa mbele za watu."

"Ungeniita pembeni! Ungeniambia tukiwa wawili!"

Najim akafunga kompyuta taratibu. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na heshima yake haikupungua.

"Nilikuja. Wiki hiyo hiyo nilikuja ofisini kukwambia. Ulikuwa na wazazi wa watoto wawili. Kabla sijafungua mdomo ukawaambia habari za mvua."

Kuruthumu alitaka kujibu kwamba ule ni utani, kwamba anatania mtoto wake, kwamba nani asiyejikojolea utotoni. Yote yalikuwa ya kweli. Alimwona kijana aliyemfundisha kusoma, tai imenyooka, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba anachukiwa. Najim akamwambia, "Samahani, mwalimu," akatoka.

Bwana Kombo hakuwa mbaya kama alivyopenda kuonekana. Alhamisi alimwita.

"Mwalimu Kuruthumu, mimi najua unafundisha. Lakini barua ya wageni imesema hakuna ushahidi. Nakupa mpaka Jumatano. Nipatie mtoto mmoja tu asome kwenye chombo mbele yangu, awe yule yule aliyeshindwa mbele ya wageni. Akisoma, nitakutetea. Asiposoma, darasa anachukua Najim."

Kuruthumu akamwendea Dija. Ijumaa alimletea kashata. Dija alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka juu ya dawati, zikakaa pale mpaka sisimizi wakazifikia. Jumamosi alikwenda mpaka nyumbani kwa bibi yake, akakaa jamvini, akaomba radhi kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Bibi akasema yamekwisha, mwalimu, mtoto ni wa kwetu sote. Dija alikuwa nyuma ya mlango, na hata alipoitwa mara nne hakutoka. Jumatatu alijaribu kumgeuzia mgongo kama siku ile ya Machi. Alipanga vizibo vyote vya gunia, akavivuruga, akavipanga upya. Nyuma yake hakukutoka sauti. Jumanne alipiga magoti kabisa, mwanamke wa mwili ule, kwenye sakafu ya saruji, uso kwa uso na mtoto wa miaka saba, akamwambia, "Nisamehe. Nilikosa. Nisomee moja tu." Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Jumatano ikafika. Bwana Kombo aliketi nyuma ya darasa, amekunja mikono. Najim alisimama mlangoni. Kuruthumu akaweka kishikwambi juu ya dawati la Dija, akabonyeza. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Watoto walianza kujikuna.

"Mwalimu Kuruthumu," alisema Bwana Kombo, "hebu tupishe nje kidogo."

"Nitoke?"

"Kidogo tu. Tuone."

Alitoka. Akasimama barazani chini ya dirisha, ukuta umemtenga na darasa lake. Alimsikia Najim akisogeza kiti, akisema kwa sauti ya chini, "Haya Dija, mimi sitazami. Ukipenda soma, usipopenda acha." Alikuwa akifundisha kama alivyofundishwa, na alikuwa akifundisha vizuri.

Kisha ikatoka ile sauti. Haikukatakata tena. Ilitiririka, moja kwa moja, kila silabi mahali pake, hata nukta mtoto aliipumzikia kama alivyokuwa amefundishwa: "Mama ana kikapu. Kikapu kina dagaa. Mtoto anakula dagaa na baba." Akafungua ukurasa wa pili, ambao hakuwahi kusomeshwa na mtu, akausoma nao.

Kuruthumu alijishika mdomo kwa mikono miwili. Furaha ilimpanda kifuani kabla hajakumbuka kuizuia, furaha ile ile ya kila Oktoba kwa miaka ishirini na saba, na alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni ili aingie ampakate, alipomsikia Bwana Kombo.

"Hongera, Mwalimu Najim. Kwako amesoma. Darasa ni lako. Watoto, mpigieni mwalimu wenu makofi ya kilo!"

Wakapiga. Arobaini na mmoja wote, pamoja na Dija, aliyekuwa akicheka kwa sauti.